Besiboli na Saa Yake: Tunalilia Kanuni au Tunalilia Watu?

Kila mwisho wa Machi, msimu wa besiboli unapofunguliwa Marekani, mashabiki wa rika langu huanza malalamiko yaleyale. Saa ya kuhesabu sekunde imewekwa uwanjani. Besi, yaani vituo anavyovikimbilia mchezaji, zimenenepeshwa. Mechi ikienda muda wa ziada, mkimbiaji anawekwa besi ya pili bure bilashi. Sasa hata mwamuzi anasahihishwa na kamera. Mwache mlalamikaji aendelee kidogo, utamsikia amehama kwenye kanuni na kufika kwa marehemu: mtangazaji Vin Scully hayupo, mtangazaji Bob Uecker hayupo, mchezaji Willie Mays hayupo, mchezaji Rickey Henderson hayupo. Malalamiko hayo mawili yamesukwa pamoja kiasi kwamba mtu hajui tena lipi limezaa lipi. Mimi ni mmoja wa wazee hao wanaonung'unika, lakini nikiyafumua maneno yetu nawaunga mkono nusu tu.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: besiboli ilizaliwa bila saa. Timu mbili hupokezana kupiga kwa iningi, yaani duru, tisa, na mchezo unaisha pale kazi inapoisha. Mrushaji akikawia, alikawia. Mpigaji akitaka kutoka kwenye kisanduku chake akafunge glovu upya baada ya kila mrusho, hakuna aliyemzuia. Uhuru huo ulitumiwa vibaya. Kufikia 2021 mechi ya iningi tisa katika Ligi Kuu ya Marekani, MLB, ilikuwa ikichukua kwa wastani saa 3 na dakika 10, na sehemu kubwa ya muda huo watu walikuwa wamesimama tu. Mwaka 2023 ligi ikaleta saa ya mrusho: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 20 kukiwa na mkimbiaji, na mwaka uliofuata hizo 20 zikashushwa hadi 18. Mrushaji akichelewa, unahesabiwa mrusho mbovu. Mpigaji asipokuwa tayari zikisalia sekunde 8, anaandikiwa straiki, kosa ambalo yakifika matatu anatoka. Wastani wa muda ukaporomoka hadi karibu saa 2 na dakika 40 katika msimu mmoja, na mahudhurio yakavuka watu milioni 70, jambo lililokuwa halijatokea tangu 2017.

Takwimu hizo hazimalizi ubishi, kwa sababu mpinzani mwenye akili habishi kwamba mechi zimekuwa fupi. Yeye anauliza muda ule ulikuwa na kazi gani. Jibu lake ni kwamba ukimya kati ya mrusho na mrusho ndimo walimoishi wasimulizi. Hoja hii ina uzito, na inastahili kusikilizwa kabla ya kujibiwa.

Vin Scully aliitangazia timu ya Dodgers kwa misimu 67, kuanzia Brooklyn mwaka 1950 hadi Los Angeles mwaka 2016. Alifariki Agosti 2022 akiwa na miaka 94. Alizoea kukaa peke yake kwenye kibanda cha matangazo, bila mwenzake wa kubishana naye, kwa hiyo maneno yake yote yalimwendea msikilizaji. Mrushaji akijifuta jasho, Scully anaanza kisa cha utotoni mwa mpigaji. Mrusho unaingia, anautaja, kisha anarudi kwenye kisa palepale alipokiacha. Sisi tuliolelewa na redio hatuhitaji kuelezwa utamu wa jambo hilo. Waliomsikia Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira Kenya, au watangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam siku za Simba na Yanga, wanajua kwamba kuna mechi tunazozikumbuka kwa sauti kuliko kwa mabao.

Bob Uecker alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alizaliwa Milwaukee mwaka 1934, akawa mdakaji wa akiba kwa misimu sita, na aliondoka uwanjani na wastani wa upigaji wa .200, yaani pigo moja katika kila majaribio matano, ambao ni wa mtu anayepaswa kutafuta kazi nyingine haraka. Alikuwa na timu ya St. Louis Cardinals iliyotwaa ubingwa mwaka 1964, na kabla ya mojawapo ya mechi za fainali alichukua tuba ya bendi akaanza kudakia mipira kwa mdomo wa tarumbeta hilo kubwa. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba timu ilimkata pesa za kulitengeneza. Udhaifu wake akaufanya mtaji. Alialikwa mara nyingi kwenye kipindi cha usiku cha Johnny Carson, akaigiza kwenye runinga na sinema, akauza bia kwa matangazo ya vichekesho, na wakati wote huo, kuanzia 1971 hadi 2024, alikuwa sauti ya redio ya Milwaukee Brewers. Uwanjani kwao wamemwekea sanamu kwenye safu ya mwisho kabisa juu, kiti ambacho hata mchezo huuoni vizuri. Ni mzaha wake, na yeye ndiye aliyeufurahia kuliko wote. Alifariki Januari 16, 2025, wiki tatu kabla ya Mbotela wetu.

Basi, je, saa ya mrusho imewaua watu wa namna hii? Hapa ndipo nawaacha wenzangu.

Septemba 9, 1965, Sandy Koufax wa Dodgers aliwarushia Chicago Cubs mechi kamili: wapigaji 27, wote nje, hakuna hata mmoja aliyegusa besi ya kwanza. Utangazaji wa Scully katika iningi ya tisa usiku ule unahesabiwa na wengi kuwa usimulizi bora kuliko wote katika historia ya mchezo huu. Alitaja saa, tatu na dakika arobaini na sita usiku, ili wa baadaye wajue lilitukia lini. Mpigaji wa mwisho alipokosa, akanyamaza sekunde 38 akiwaachia watazamaji kelele zao. Mechi hiyo yote ilichukua saa moja na dakika 43.

Rudia kuisoma hesabu hiyo. Kisa kilichosimuliwa vizuri kuliko vyote kilitoshea ndani ya mechi ambayo leo tungesema imekwisha hata chakula hakijapoa. Katika miaka ya 1970, Uecker alipokuwa anajitengenezea jina, mechi ya kawaida ilichukua takriban saa mbili na nusu. Maana yake ni kwamba saa ya mrusho haijatupeleka mahali pageni. Imeturudisha karibu na pale walipokuwa magwiji wetu walipokuwa katika ubora wao. Kilichovimba kuanzia miaka ya 1990 hakikuwa nafasi ya hadithi. Yalikuwa mabadiliko ya warushaji yasiyokwisha, wapigaji wanaorekebisha kila kamba ya mwili wao, warushaji wanaopumzika ili warushe kwa kasi zaidi, na mapumziko ya matangazo ya biashara. Naona ajabu hapa: ligi ilipoamua kuokoa dakika, ilimkaba mchezaji kwa sekunde, lakini mapumziko ya zaidi ya dakika mbili kati ya nusu-iningi, yale yanayouza magari na bima, yamebaki salama.

Mabadiliko mengine nitayapitia kwa mwendo usiolingana, kwa sababu uzito wake haulingani.

Besi zilizopanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, pamoja na kanuni ya kumzuia mrushaji asimtishie mkimbiaji zaidi ya mara mbili, zimerudisha wizi wa besi, yaani mkimbiaji kuchomoka kwenda besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Mwaka 2022 ziliibwa 2,486. Mwaka 2023 zikafika 3,503. Wapinzani wanasema ni wizi wa bei rahisi. Huenda. Lakini Rickey Henderson aliiba 130 mwaka 1982 kwenye besi ndogo, akastaafu na 1,406, na anayemfuata, Lou Brock, ana 938. Heshima ya Henderson haijaguswa na inchi tatu za mpira mgumu. Afadhali kijana wa leo aone kinachofanana na alichokifanya Henderson kuliko kusikia tu kwamba zamani kulikuwa na mtu.

Kanuni inayowalazimisha walinzi wawili kusimama kila upande wa besi ya pili ilitakiwa kuwaokoa wapigaji. Wastani wa upigaji wa ligi ulikuwa .243 kabla yake, ukapanda .248, mwaka uliofuata ukarudi .243. Sina la kuongeza.

Mkimbiaji wa bure wa iningi ya kumi ni suala jingine, na hapa nasimama na wanung'unikaji kwa miguu yote miwili. Utaratibu huo ulianza 2020 wakati wa korona kama kanuni ya dharura, ukafanywa wa kudumu 2023. Naelewa hoja ya upande wa pili. Timu ina wachezaji 26, mikono ya warushaji inaumia, na mechi ya Jumanne ya mwezi Mei ikifika saa tisa usiku, kesho yake kuna mechi nyingine katika mji mwingine. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini ligi yenyewe haiitumii kanuni hiyo kwenye mchujo wa Oktoba, nami nauona huo kuwa ushahidi wa mshtakiwa mwenyewe. Mechi ya tatu ya fainali ya 2018, Dodgers na Boston, ilikwenda iningi 18 na kuchukua saa 7 na dakika 20, hadi Max Muncy alipoupeleka mpira nje ya uzio. Mwaka 2025, tena mechi ya tatu, tena Dodgers, safari hii dhidi ya Toronto, tena iningi 18, na safari hii alikuwa Freddie Freeman. Hakuna aliyetazama akasema laiti wangemweka mtu besi ya pili tukalale. Wangeweza kuanza kumweka iningi ya 12 au 13, wapate usingizi wao nasi tupate besiboli yetu.

Kuhusu mrushaji kutopiga tena, nakiri kwamba akili inasema moja na moyo unasema jingine. Ligi ya American, moja ya matawi mawili ya MLB, ilimweka mpigaji maalumu badala yake tangu 1973, na tawi la pili, National, likafuata kwa kudumu 2022. Warushaji walikuwa wapigaji wabovu mno. Mwaka wao wa mwisho walifaulu kama mara moja katika kila majaribio tisa. Lakini mara hiyo moja! Mei 2016, Bartolo Colón, mrushaji mnene wa miaka 42 ambaye kofia yake ilimvuka kichwani kila alipozungusha gongo, aliupeleka mpira nje ya uzio kule San Diego kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mtangazaji wake akapiga kelele kama aliyeona muujiza. Kanuni mpya imeboresha mchezo na kumfungia mlango Colón mwingine. Vyote viwili ni kweli, na siwezi kukuambia kipi ni kizito zaidi.

Jipya kuliko yote ni mashine ya kusahihisha mirusho, iliyokubaliwa Septemba 2025 itumike kuanzia msimu wa 2026. Mwamuzi bado anaamua, lakini kila timu ina rufaa mbili, na mrushaji, mdakaji au mpigaji pekee ndiye anayeweza kuikata kwa kugusa kofia yake. Kamera zinajibu kwa sekunde. Ukishinda rufaa, unabaki nayo.

Wanaoipinga wanasema inaua ugomvi, na ugomvi ulikuwa burudani. Hawasemi uongo. Makocha Earl Weaver wa Baltimore, aliyefariki 2013, na Billy Martin wa Yankees, aliyefariki siku ya Krismasi ya 1989, walikuwa waigizaji kamili: wanageuza kofia, wanampigia mwamuzi vumbi viatuni, wanafukuzwa uwanjani huku watu wamesimama. Lakini pima hilo na usiku wa Juni 2, 2010, Detroit. Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo. Wa 27 alikuwa nje waziwazi pale besi ya kwanza, na mwamuzi Jim Joyce akasema amefika salama. Mechi kamili ikafutika. Joyce alipotazama marudio alikiri mbele ya watu kuwa amemnyang'anya kijana huyo. Kesho yake Galarraga ndiye aliyetumwa kumpelekea karatasi ya orodha ya wachezaji, na mwamuzi akafuta machozi mbele ya uwanja mzima. Kuna wenzangu wanaoutumia mfano huu kutetea makosa ya binadamu, kwamba mashine isingetupa tukio lile la utu. Mimi naona ni rahisi kuthamini machozi wakati jina lililokosekana kwenye kitabu si la kwako. Marudio ya video yalipopanuliwa 2014, Galarraga hakurudishiwa kitu. Rufaa mbili kwa mechi ni kipimo kizuri: mwamuzi anabaki mtu, na kosa kubwa lina pa kupelekwa.

Sasa nyimbo, maana hapa ndipo mapokeo yanapotudanganya kwa upole zaidi.

Katikati ya iningi ya saba watu husimama na kuimba "Take Me Out to the Ball Game". Ukiwauliza, watakwambia ni wimbo wa tangu na tangu, umetoka tumboni mwa mchezo. Uliandikwa 1908 na Jack Norworth, mwimbaji wa majukwaani aliyepata wazo hilo ndani ya treni baada ya kuona bango la mechi, naye alikuwa hajawahi kuhudhuria mechi ya Ligi Kuu. Alihudhuria 1940. Beti zake, ambazo hakuna anayeziimba, zinamhusu binti anayemkataa mchumba aliyetaka kumpeleka kwenye maonyesho, anataka uwanjani. Na kule kuuimba pamoja na mtangazaji kama tunavyoujua leo kulianza mwaka 1976 Chicago, pale Bill Veeck, mmiliki wa White Sox aliyependa vituko, alipogundua kwamba Harry Caray huimba peke yake kibandani, akamwashia kipaza sauti bila kumwambia. Inasimuliwa kwamba Veeck alimchagua kwa sababu sauti yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuna angeona haya kuimba naye. Caray akauhamishia wimbo kwa Cubs mwaka 1982, na alipofariki Februari 1998, ulikuwa tayari ni kama sala.

Boston nao wana "Sweet Caroline" ya Neil Diamond, iliyotoka 1969 na haina neno hata moja la besiboli. Uwanjani Fenway ilianza kupigwa 1997, ikawa ya kila mechi 2002. Ina umri mdogo kuliko viatu vya baadhi ya wanaoitetea. Lakini Aprili 2013, siku chache baada ya mabomu ya mbio za marathoni, Diamond alikwenda Fenway akaiimba mwenyewe, na baada ya hapo huwezi kumwambia mtu wa Boston kwamba ni wimbo wa kuazima.

Nayataja haya kwa sababu moja. Kila tunachokilinda leo kama urithi kilikuwa kituko cha mtu fulani jana. Organi iliyochukuliwa kuwa sauti ya uwanja iliingia Wrigley Field, uwanja wa Cubs, mwaka 1941. Nancy Faust aliicheza kwa White Sox kuanzia 1970 hadi 2010, na yeye ndiye aliyegeuza wimbo wa pop kuwa kejeli ya kumuaga mrushaji wa wageni aliyeshindwa, mwaka 1977. Wazee wa wakati ule walinung'unika, bila shaka. Hata hivyo kuna tofauti ninayoiona kati ya vituko vile na hivi. Faust alikuwa anautazama mchezo na kuujibu kwa vidole vyake. Spika za leo hazitazami. Wimbo umepangwa asubuhi, unapigwa kati ya mrusho na mrusho kwa sauti ya kukatisha mazungumzo, na mpigaji anatembea na kionjo chake cha sekunde chache kila anapoingia. Ule ukimya ambao saa ya mrusho inashutumiwa kuuiba, spika ziliula zamani.

Kuhusu nyimbo nizipendazo, mimi ni mtoto wa redio ya Afrika Mashariki, kwa hiyo niliijua Marekani kwa muziki wa kantri kabla sijajua gongo lina umbo gani. Nilipokuja kuipenda besiboli nilishangaa kukuta sauti zilezile zimetangulia. Jim Reeves, ambaye Krismasi kwetu haikamiliki bila yeye, alikuwa mrushaji katika timu za daraja la chini za St. Louis Cardinals miaka ya 1940 hadi alipoumia mshipa wa fahamu wa mguu akaingia redioni. Alikufa kwenye ajali ya ndege Julai 31, 1964. Kenny Rogers, ambaye kuna baa za Nairobi na Nakuru ambako bado ni kama mwenyeji, alitoa mwaka 1999 "The Greatest", wimbo wa mtoto anayejirushia mpira peke yake na kuukosa mara tatu, kisha akahitimisha kwamba yeye basi ni mrushaji hodari. Rogers alifariki Machi 20, 2020, wiki ambayo viwanja vyote vilikuwa vimefungwa kwa korona. Na usimchanganye na Kenny Rogers mwingine, mrushaji wa Texas Rangers aliyerusha mechi kamili mwaka 1994. Nimeshuhudia ubishi mkali juu ya hilo.

Lakini anayenigusa zaidi ni Charley Pride. Alizaliwa Sledge, Mississippi, mwaka 1934, akawa mrushaji wa Memphis Red Sox katika Negro Leagues, ligi za weusi waliofungiwa nje ya Ligi Kuu, ambazo miaka ya 1950 zilikuwa zinakata roho. Alipenda kusimulia kwamba yeye na mwenzake waliwahi kuuzwa ili timu ipate pesa za basi. Akaenda Montana, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini na kuichezea timu yake, akilipwa nyongeza kuimba kabla ya mechi. Kuimba kukashinda. Mwaka 1971 alikuwa mburudishaji bora wa mwaka wa tuzo za kantri, mtu mweusi katika muziki uliodhaniwa si wake. Baadaye alinunua hisa za Texas Rangers, na Julai 2020 aliimba wimbo wa taifa katika mechi ya kwanza ya ligi kwenye uwanja wao mpya, viti vikiwa vitupu. Desemba 12 mwaka uleule korona ikamchukua.

Mei 2024 MLB iliingiza takwimu za Negro Leagues za miaka 1920 hadi 1948 kwenye vitabu vyake. Josh Gibson, aliyekufa 1947 bila kuruhusiwa kucheza mechi hata moja ya Ligi Kuu, akawa kinara wa wastani wa upigaji wa wakati wote kwa .372, akimpita Ty Cobb wa .367. Kelele zilikuwa nyingi: misimu yao ilikuwa mifupi, kumbukumbu hazikukamilika. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba waliofanya misimu hiyo kuwa mifupi si hao wachezaji. Willie Mays akaongezewa mapigo 10 ya ujanani mwake na Birmingham Black Barons. Alifariki Juni 18, 2024, siku mbili kabla ya mechi iliyoandaliwa kumuenzi Rickwood Field, mjini Birmingham. Pride, kwa kuwa alikuja baada ya 1948, hamo kwenye hesabu. Kati ya mabadiliko yote ya miaka hii, hili halikugusa mrusho hata mmoja, na ndilo kubwa kuliko yote.

Kuna badiliko jingine ambalo halimo kwenye kitabu cha kanuni, nalo nalilia bila kujitetea. Septemba 26, 2024, Oakland Athletics walicheza mechi yao ya mwisho Oakland baada ya zaidi ya nusu karne, wakaifunga Texas 3 kwa 2, kisha wakahamia Sacramento kwa muda wakisubiri Las Vegas. Rickey Henderson, mtoto wa mji huo ambaye uwanja wenyewe ulipewa jina lake, alikuwa mmoja wa waliorusha mpira wa ufunguzi siku ile. Alifariki Desemba 20. Mji ulipoteza timu na mtu wake ndani ya miezi mitatu, na hakuna kati ya hayo yaliyosababishwa na saa ya sekunde 15.

Ndiyo maana nasema hasira zetu zinalenga pasipo. Uecker na Scully walidumu kwa sababu timu ilikuwa na sauti moja, katika redio moja, kila usiku, miaka nenda miaka rudi, na mtoto asiye na senti aliweza kuisikia. Hali hiyo ndiyo inayobomoka. Kampuni iliyoshikilia matangazo ya timu nyingi za mikoani iliomba kinga ya kufilisika Machi 2023. Baadhi ya mechi za Ijumaa zimeuzwa kwa Apple tangu 2022, zikaja na watangazaji wake, na mtangazaji wa runinga wa timu yako anakaa nyumbani usiku huo. Nyingine ziko kwenye huduma hii, nyingine ile, kila moja na malipo yake.

Mikataba mikubwa ya kitaifa ya runinga inaisha baada ya msimu wa 2028, na ligi imeshaonyesha inataka kuzikusanya haki za timu zote na kuziuza kwa pamoja. Kuna faida: shabiki wa mbali, pamoja na sisi tulio nje ya Marekani, huenda akalipa mara moja akaona timu yake bila kuzuiwa kwa sababu ya anapoishi. Kuna hasara: mnunuzi wa taifa zima hana sababu ya kumtunza mzee mmoja wa Milwaukee anayejicheka kwa miaka 54. Kama wenzangu wanataka jambo la kuandikia barua na kupigia kelele, basi ni kwamba mkataba wowote utakaotiwa saini uiachie kila timu kibanda chake na redio yake ya bure. Saa ya mrusho waiache iendelee kuhesabu.